Nazi Mbili, Viazi Karai na Mti wa Maamuzi

Shughuli za darasani zinazomfunza mwanafunzi kwamba uamuzi mmoja huzaa uamuzi mwingine zimepewa majina mengi na wataalamu wa elimu, lakini katika makala haya zitaitwa shughuli za matawi, kwa kuwa mwanafunzi huwekwa mahali pa kuanzia, akaonyeshwa njia mbili au zaidi, akachagua moja, na njia hiyo ikamfikisha kwenye njia panda nyingine ambayo asingeiona lau angechagua tofauti. Hadithi inayojengwa kwa mtindo huu ni hadithi matawi, na mchoro wake unapobandikwa ukutani huitwa mti wa maamuzi. Vurugu inayofuata baada ya dakika kumi hivi haijapata istilahi rasmi, ingawa walimu wa Tudor, mtaa ulio kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa kando ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, wanaifahamu barabara. Makala haya yanaichunguza vurugu hiyo kwa heshima zote zinazostahili utafiti, na yanadai kwamba somo lenyewe limo humo humo.

Mtindo wa hadithi matawi huhusishwa sana na Edward Packard, wakili wa Marekani aliyekuwa akiwasimulia binti zake hadithi za usiku juu ya kijana aitwaye Pete, na ambaye, alipoishiwa na visa usiku mmoja, aliwauliza wao wangefanya nini. Kila binti akatoa jibu lake, na baba akagundua kwamba kuishiwa na maneno kunaweza kuwa mwanzo wa riziki. Kitabu chake, Sugarcane Island, kilichapishwa mwaka 1976. The Cave of Time, kilichoufungua mfululizo wa Choose Your Own Adventure, kikatoka mwaka 1979 kikiwa na ahadi ya miisho 40 juu ya jalada, na mfululizo huo ukaja kuuza nakala zaidi ya milioni 250 duniani. Mwandishi wa Argentina, Jorge Luis Borges, alikuwa amekwisha kuliwaza jambo hili mwaka 1941 katika hadithi fupi kuhusu bustani ambayo njia zake hugawanyika bila kikomo, ila yeye hakuwa na wanafunzi arobaini na watatu mbele yake, kwa hiyo alimudu kuliacha wazo libaki la kifalsafa.

Afrika, kwa upande wake, haikungoja Packard aishiwe na visa. Mwanaanthropolojia William Bascom alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima cha hadithi za mtanziko za Kiafrika, yaani hadithi ambazo msimulizi huzikata makusudi mahali pagumu akawaachia wasikilizaji waamue. Mojawapo, inayosimuliwa kwa sura nyingi Afrika na Arabuni, ni ya vijana watatu wanaompenda msichana mmoja: wa kwanza ana kioo kinachomwonyesha kwamba msichana yu mahututi, wa pili ana chombo cha kuwafikisha kwake kabla jicho halijapepesa, na wa tatu ana dawa inayomponya, basi nani aoe? Wazee barazani waliweza kukesha na swali hilo. Darasa la Gredi ya 7 hulimaliza kwa dakika mbili, kwa sababu hapakosi msichana wa viti vya nyuma atakayeuliza kwa nini mgonjwa mwenyewe hajaulizwa, wala hapakosi mvulana wa karibu na dirisha atakayependekeza vijana wote watatu watajiwe mahari kwanza, ionekane ni nani atabaki chumbani. Mwalimu aliyekuwa amekitengea kipindi kizima mjadala huo hubakiwa na dakika 38 na chaki mkononi.

Kuna pia suala la hesabu, ambalo wabunifu wa shughuli hizi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Ikiwa kila njia panda ina njia mbili tu, hadithi yenye hatua tano za uamuzi huwa na miisho 32 na kurasa 63 kwa jumla, na yenye hatua kumi huwa na miisho 1,024 na kurasa 2,047, ilhali mwalimu ana karatasi moja ya manila na kalamu ya rangi ambayo kifuniko chake kilipotea muhula uliopita. Waandishi wa vitabu vya aina hii hukwepa gharika hiyo kwa mbinu ya kukutanisha matawi, yaani kuzifanya njia zilizoachana zirudi mahali pamoja, na mbinu hii mkazi wa Tudor haihitaji kufundishwa. Anayetoka Tudor kwenda Kongowea, ng'ambo ya hori, anaweza kuchagua matatu, tuktuk au bodaboda, anaweza kushika barabara kuu au vichochoro, anaweza kubishania nauli au kunyamaza, lakini matawi yote hayo hukutana kwenye foleni ya Buxton kabla ya Daraja la Nyali, ambapo kila mmoja hupewa muda sawa wa kuyatafakari aliyoyachagua.

Kisa kinachostahili kuchunguzwa kwa kirefu kilitokea katika kipindi cha Gredi ya 8 kwenye shule moja ya mtaa huo, ambayo hakuna haja ya kuitaja kwa kuwa kingeweza kutokea katika shule yoyote. Mwalimu alikuwa ametunga hadithi ya mtoto aliyepewa na mamake shilingi 100 akanunue nazi mbili za kupikia mbaazi. Njiani mtoto huyo anapita mahali panapokaangwa viazi karai, ambavyo, kwa faida ya msomaji wa mbali, ni viazi vilivyochemshwa, vikavikwa unga uliokorogwa kwa manjano, vikatumbukizwa katika mafuta yanayochemka na kuliwa kwa ukwaju. Hapo ndipo palipokuwa na njia panda ya kwanza: mtoto apite au asimame. Tawi la kupita lilikuwa limejazwa kwa bidii kubwa. Lilikuwa na kurasa kumi na nne za uaminifu mtupu, ambamo mtoto anazidishiwa chenji na kuirudisha, anamvusha mzee barabara, anaokota simu na kumtafuta mwenyewe, na hatimaye anapongezwa na chifu. Tawi la kusimama lilikuwa na sentensi tatu: pesa za mama zimeliwa, mama amekasirika, mwisho.

Kura ilipopigwa kwa kuinua mikono, wanafunzi 41 kati ya 43 walichagua viazi, na wale wawili waliobaki ilibainika baadaye kwamba hawakuwa wamelisikia swali. Mwalimu akazisoma zile sentensi tatu, hadithi ikaisha, na darasa likabaki limetulia kama abiria walioteremshwa kabla ya kituo chao. Kisha mkono mmoja ukainuka.

"Mwalimu, alinunua viazi vya pesa ngapi?"

Mwalimu angeweza kujibu kwamba hadithi imekwisha, na hilo lingekuwa tawi lake mwenyewe. Badala yake akajibu, bila kuwaza sana, kwamba vilikuwa vya shilingi ishirini.

"Basi ana themanini. Nazi moja bado anapata, na thelathini inabaki."

Kuanzia hapo mti wa maamuzi ulimtoka mwalimu mikononi. Kikundi cha kwanza kilishikilia kwamba mtoto anunue nazi moja na kumwambia mama kuwa bei imepanda, uongo ambao, kwa jinsi hali ya maisha ilivyo, hakuna mama wa Mombasa angeutilia shaka. Kikundi cha pili kiliona afadhali nazi ya pili isemekane iliponyoka ikakanyagwa na bodaboda, lakini kikaulizwa vifuu viko wapi, kwa maana nazi iliyokanyagwa huacha ushahidi, na kikalazimika kutunga safari nyingine ya kutafuta vifuu vya bure. Kikundi cha tatu kilitoa hoja ya kisheria kwamba kosa ni lile lile, kwa hiyo thelathini iliyobaki nayo iliwe viazi. Hapo msichana mmoja, mwenye akili ya kihasibu, akataka kujua iwapo ukwaju ulikuwa na pilipili, na mwalimu alipouliza hilo linahusu nini, akaelezwa kwamba penye pilipili mtoto atanunua maji, na maji ni shilingi kumi, na penye haraka ukwaju utamwagikia shati, na shati la shule ni jeupe.

Kilichofuata ni mfano bora wa kukutanisha matawi ambao kitabu cha kufundishia hakijawahi kuutoa. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba, kwa kuwa hadithi ilikuwa inatokea Tudor, lazima jirani wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama hapo hapo akingoja viazi vyake. Njia mbili zikafunguka: mtoto amsalimie au ajifiche. Akijificha nyuma ya tuktuk, tuktuk itaondoka. Akisalimia, "Shikamoo" itapokewa kwa "Marahaba, mamako yuko nyumbani?" na kila mtu darasani alijua kwamba swali hilo halihusiani na afya ya mama. Mtoto akafika nyumbani na nazi moja, tui likapungua, mbaazi zikawa nyepesi, mama, ambaye hana habari, akamtuma akaombe nazi ya pili kwa jirani. Jirani gani? Darasa zima lilitaja ghorofa ya pili kwa sauti moja, kengele ikalia, na mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Uchunguzi wa tukio hilo unaonyesha kwamba kosa halikuwa la wanafunzi kupenda viazi. Shughuli ambayo tawi moja lina kurasa kumi na nne za pongezi na la pili lina sentensi tatu za adhabu si shughuli ya kuchagua. Ni mahubiri yaliyowekewa njia panda, na watoto, ambao wamesikiliza mahubiri tangu walipojua kukaa, huyatambua kwa harufu. Mtaala wa umilisi, yaani ule unaomtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda badala ya kukariri tu, ulianza kutumika nchini Kenya mwaka 2019 ukichukua polepole nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, na kati ya umilisi wake saba upo ule wa uwazaji kina na utatuzi wa matatizo. Uwazaji huo hauwezi kuanza mahali ambapo jibu limevaa sare na kusimama mlangoni. Huanza pale ambapo njia zote mbili zinakubalika na zote zina gharama: kumwambia mama kweli na kupoteza imani yake kwa wiki moja, au kumnunulia jirani viazi na kuwa na deni lake mwaka mzima. Wanafunzi wa Gredi ya 8 waliijenga njia panda hiyo wenyewe, bila mwongozo wa mwalimu, tena wakati mwalimu akijaribu kuwazuia.

Walimu wengine, wakiona hatari ya karatasi, hukimbilia jukwaani. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeeneza aina ya maigizo ambamo mtazamaji huruhusiwa kuusimamisha mchezo, kuchukua nafasi ya mwigizaji na kujaribu uamuzi mwingine, na kwa nadharia hakuna njia bora ya kuonyesha jinsi tendo moja linavyozaa jingine. Kwa vitendo, igizo la mwanafunzi aliyepandishiwa nauli ndani ya matatu kwa sababu mvua imeanza husimamishwa kila baada ya sekunde nane, na kila anayelisimamisha anataka nafasi ya makanga. Hakuna anayetaka kuwa abiria, sembuse yule mzee mwenye mzigo, na igizo huisha likiwa na makanga saba wanaoitana kwa miluzi katika gari lisilo na mtu. Mtafiti wa uchumi wa usafiri angefaidika nalo kuliko mwalimu wa Stadi za Maisha.

Teknolojia nayo imejaribiwa. Ipo programu ya bure iitwayo Twine, iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, ambayo humwezesha hata asiyejua kuandika msimbo kutunga hadithi matawi katika kompyuta, na ipo mipango ya serikali iliyofikisha vishikwambi shuleni kuanzia mwaka 2016. Kati ya programu na mtoto husimama kabati, na ufunguo wa kabati uko kwa mwalimu aliye likizoni, na nambari yake ya simu iko kwa karani, na karani amekwenda benki. Mti huu wa maamuzi una tawi moja tu, na mwisho wake ni daftari.

Bao limeleta matumaini zaidi, na kwa haki. Katika bao la Kiswahili ubao una safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Mchezaji huzoa kete za shimo moja, akazisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, mara nyingi huzoa tena na kuendelea, kiasi kwamba uamuzi mmoja huweza kuuzunguka ubao na kurudi kumshitaki aliyeufanya. Kwa wanaoanza kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, na mtoto wa miaka kumi na miwili huzielewa kanuni zake mapema kuliko anavyoelewa sehemu za sentensi. Hakuna chombo kinachofunza matokeo ya uamuzi kwa unyoofu zaidi, kwa sababu ubao haumpongezi mtu na chifu wala hauandiki neno mwisho kabla ya wakati.

Tatizo lake ni kete. Kete zilizozoeleka ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mmea wenye miiba unaoota karibu na pwani, na katika darasa moja lililoujaribu mchezo huu mwanafunzi aliyejitolea kuzileta alizisahau; mwenzake, kwa moyo wa kizalendo, akajitokeza na pakiti ya mabuyu, yaani mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, ambazo kwa umbo na ukubwa zilifaa kabisa. Mchezo ulianza na kete 64. Zamu ya nne ilipofika zilikuwa 51, kwa kuwa wachezaji waliozila kete za wapinzani walikuwa wamezila kweli, na ushahidi ulikuwa midomoni mwao, mwekundu. Baraza la dharura likaketi na kupitisha kanuni kwamba mbegu iliyokwisha nyonywa irudishwe ubaoni. Kanuni hiyo ilipita kwa kura nyingi na ikaporomoka mara moja, kwa sababu hakuna aliyekubali kuigusa mbegu iliyotoka kinywani mwa mwenzake. Hata hivyo ni haki kukiri kwamba wanafunzi hao walifanya, katika muda wa kipindi kimoja, kazi ambayo mabunge huchukua vikao vingi kuifanya: kutunga sheria bila kuangalia nani ataitekeleza.

Kazi ya nyumbani ni eneo ambalo madhara huvuka ua wa shule. Tangu mtaala mpya uanze, wazazi wa Kenya wamelalamika hadharani kwamba kazi za watoto zimegeuka kazi zao, na mti wa maamuzi unaonyesha jinsi mgeuko huo unavyotokea. Mtoto huagizwa kuchora maamuzi ya siku moja ya familia. Huikumbuka kazi saa tatu usiku. Duka lenye manila limefungwa, au liko wazi lakini lina manila ya waridi peke yake. Baba hupanda bodaboda. Anaporudi mtoto amelala. Mama husema aachwe alale. Baba hukaa chini "aanzishe tu". Kufikia saa sita baba ameuchora mti wenye vivuli, mizizi na ndege wawili, amegombana na mama juu ya nani aliyeamua kuhama mtaa wa Majengo, na amejipatia alama ya juu ambayo hatawahi kuonyeshwa, kwa kuwa cheti kitaandikwa jina la mtoto. Kama lengo lilikuwa familia itambue jinsi maamuzi yanavyozaana, lengo limefikiwa. Lililokosekana ni mwanafunzi kuwa macho.

Shughuli ambayo makala haya yanaiona kuwa bora kuliko zote haihitaji manila. Hori ya Tudor, inayopokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu kabla ya kukutana na bahari kuu karibu na Mji wa Kale, ina mikoko na tope, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba mahali pa kutembea saa nne asubuhi huwa mahali pa kuogelea alasiri. Mwalimu mmoja wa sayansi, baada ya kupata idhini za wazazi na kusoma jedwali la maji, aliwagawa wanafunzi makundi matatu ya kwenda kuangalia mizizi ya mikoko, kila kundi lijichagulie njia: ya mawe, ambayo ni ndefu, ya kando ya mizizi, ambayo inakwaruza, au ya katikati ya tope, ambayo ni fupi na inang'aa. Kundi la tatu, lililochagua tope, lilikuwa na wavulana wengi, kwa sababu ambazo elimu bado inazitafuta.

Hatua ya sita ya njia fupi iliwafunza yale ambayo kurasa 63 zisingeweza. Tope la mikokoni halimzuii mtu kuingia, humsaili anapotoka. Mvulana wa mbele aliinua mguu wa kulia, mguu ukaja, ndara ikabaki. Hapo palikuwa na njia mbili, na zote zilikubalika na zote zilikuwa na gharama: kuchimba ndara huku mguu wa kushoto ukizama, au kuendelea na ndara moja, ambayo haina soko wala matumizi. Akachagua kuchimba, ili mikono iwe huru akaivua ndara ya kushoto na kuirusha mbele, mahali alipoona pakavu, akaipata ya kulia baada ya jasho jingi, akatazama mbele na kuona kwamba pale palikuwa pakavu juu juu tu, na ndara ya kushoto ilikuwa inazama taratibu mahali ambapo njia pekee ya kuifikia ilikuwa kurusha kitu kingine. Wenzake walimpa ushauri mwingi kutoka kwenye mawe.

Wakati huo maji yalikuwa yameanza kurudi. Hili ndilo jambo ambalo mti wa maamuzi wa karatasi huliacha nje, nalo linahitaji istilahi: kufungwa kwa matawi, yaani hali ambamo njia iliyokuwapo hutoweka kwa sababu tu mtu amekawia kuichagua. Katika hadithi ya nazi, viazi hungoja. Mtoto anaweza kusimama njia panda hata wiki nzima na mwandishi hatamwambia kitu. Kwenye hori, aliyesimama kufikiri ameamua, na maji yanapofika vifundoni, njia tatu huwa mbili, kisha moja, na ile moja ni ya kurudi kwa mwalimu bila ndara. Hakuna aliyekuwa hatarini, kwa kuwa jedwali la maji lilikuwa limesomwa vizuri na saa nzima ilikuwa imebaki; lakini kundi zima lilirudi likijadili kwa umakini usio wa kawaida ni lini hasa lilipaswa kugeuka, na mjadala huo, uliofanywa kwa hiari na miguu michafu, ndio uliokuwa somo. Kuhusu namna ya kumweleza mama ndara iliyopotea, watafiti wa siku za usoni watafungua faili nyingine.

Ingefaa kusema kwamba yote haya ni mchezo, lakini mwanafunzi wa Gredi ya 9 anakabiliwa na njia panda isiyo ya mchezo. Mfumo mpya unamtaka, akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, achague mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa pamoja; sayansi ya jamii; au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo kuna masomo ya kuchagua, baada ya masomo kuna kozi, na baada ya kozi kuna ajira au kutokuwapo kwake. Kundi la kwanza la mtaala huu liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na wengi wao walikuwa wamezoezwa kuchagua kwa hadithi ambazo jibu lake sahihi hujulikana kwenye mstari wa pili. Nje ya madirisha ya wale wa Tudor kulikuwa na mfano mzuri zaidi: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo Tudor, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya ufundi kwa Waislamu, kikawa taasisi ya kiufundi ya Mombasa mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Hakuna aliyekaa chini katika miaka ya 1940 na kuchora kurasa zote hizo. Kila hatua ilifungua mlango ambao hatua iliyotangulia haikuuona. Mwalimu akiwapa wanafunzi historia hiyo na kuwauliza ni wapi tawi lingeweza kupinda kwingine, hatapungukiwa na majibu, ingawa ajiandae kwa yule atakayesema pangekuwa na uwanja wa mpira.

Walimu, basi, wanaombwa waliandike tawi la viazi kwa urefu ule ule wa tawi la nazi, na jirani wa ghorofa ya pili apewe ukurasa wake, kwa kuwa atautumia wakitaka wasitake. Wazazi nao wanaombwa, manila itakapoingia nyumbani saa tatu usiku, wamwamshe mwenye kazi, wampe kalamu, wakalale wao. Na watakapopelekewa barua ya kuomba idhini ya kwenda hori, watie sahihi na kumvalisha mtoto ndara za zamani.